Mtafute Kwenye K

Maktaba ya mkoa walinipa kiti, si jibu.
Kijana wa kaunta, miwani imefungwa kwa uzi,
alinishushia vitabu vitatu kutoka rafu ya juu,
akanionyesha faharasa: watemi, reli, njaa.
Wa kwetu hakuwa mtemi. Reli aliiona ikipita.
Njaa ya Mtunya alikuwamo, tena mtoto,
lakini njaa haiandiki majina.
"Kama aliwahi kugombana na mtu," kijana akasema,
"nenda mahakamani. Wenye amani hawana faili."

Kesho yake niko Mpwapwa,
barua ya mtendaji mkononi, muhuri haujakauka,
vumbi limenifika kwenye meno.
Benchi la Mahakama ya Mwanzo: mama wa talaka,
wavulana wawili wa kesi ya mbuzi, na mimi
nisiye na kesi,
namdai marehemu babu jina la mama yake.

Bi. Yudita wa masjala aliisoma barua mara mbili.
"Chidawali," akatamka, kama anayeonja chumvi kwenye mlenda.
Tukafungua Ch. Mchwa walikuwa wametutangulia.
Chibago. Chidosa. Kisha unga wa karatasi.
Chilongola. Chimosa.
Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili nayo.
Nikashukuru, nikainama kufunga kamba za viatu.

"Ngoja. Karani wa enzi zile alitoka wapi?"
Nitajuaje, mama?
"Kwa mwandiko huu, pwani.
Sisi tunasema chitabu, yeye anasikia kitabu.
Babu yako mtafute kwenye K."

Kwenye K alikuwapo. Kidawali.
Miaka tisini amebanwa kati ya Kibwana na Kilua
kama mgeni aliyekosea mlango
akaona haya kutoka.

Shauri la madai, mwaka thelathini na nne.
Wino wa zambarau, herufi zimelala upande mmoja.
Mdai: Mgoli bin Makasi.
Mahari waliyopatana: ng'ombe kumi na wawili.
Waliofika: kumi na mmoja.
Mdaiwa anasema mmoja alifia korongoni, kwa kiu.
Mdai anauliza: ngozi iko wapi?
Baraza: alipe mtamba mmoja kabla ya mavuno.
Na mwanamke mwenyewe?
"Huyo mke." Mara nne. Huyo mke.
Chini kabisa, chini ya mashahidi,
alama ya dole gumba, ndogo kuliko zote,
haina maelezo.

Nikataka kulifunga faili. Bi. Yudita hakuliachia.
"Mgoli bin Makasi," akasema polepole.
Akavuta kiti, akakaa.
Kisha akacheka hadi wavulana wa mbuzi wakachungulia mlangoni.
"Kumbe ndio nyie! Mtamba wetu hajafika mpaka leo!
Kila mwaka mvua ikigoma, kwetu lazima atajwe:
shangazi Mbeleje, aliyeondoka kwa mkopo."

Mbeleje.
Sikuliamini daftari. Nililiandika kiganjani,
nikakunja ngumi.

Yeye tayari ameshika bahasha kuukuu, anapiga hesabu mgongoni mwake:
mtamba mmoja, azae kila mwaka wa pili,
majike nao wazae, toa madume,
toa ndigana, toa ukame, toa wezi,
"na toa wawili wa huruma, maana una uso wa marehemu baba."
Hakunionyesha jumla.

Kutoa nakala ni shilingi mia mbili kwa ukurasa.
Kurasa tatu. Nililipa mia sita.
Akanikatia risiti, akagonga muhuri,
halafu akaivuta tena, akaongeza kwa kalamu yake ya buluu:
Salio — mtamba mmoja.